Muswada Alioungoja Mireille

Mireille alikimbia kutoka Uvira, Kongo, peke yake. Alipopata hadhi ya ukimbizi hapa Birmingham, Uingereza, jambo la kwanza aliloulizia ni namna ya kumleta binti yake, Sifa, aliyekuwa kambini Uganda akilelewa na bibi yake, mama wa Mireille.

Kamaljit, mwanasheria wa ofisi ya msaada kule Small Heath, alimweleza bila kuzunguka. "Sifa ni mtoto bado, kanuni zinakuruhusu umwombee leo. Mama yako, hapana. Kuna muswada bungeni unaotaka kuwaingiza na wazazi, lakini usiutegemee. Miswada ya namna hii mingi hufa njiani."

Lakini mama yake alikuwa ameanza kupoteza macho. Sifa akiondoka, nani angemtekea maji?

"Nitangoja niwaombee wote wawili," alisema Mireille.

Kamaljit alijaribu kumgeuza akashindwa. Mwishowe akamwonyesha tovuti ya Bunge: unaandika jina la muswada, unaona umefika hatua gani, na ukiacha anwani yako unaletewa taarifa kila muswada unaposogea.

Tangu siku hiyo Mireille alikula chakula chake cha mchana na simu mkononi, huku mashine za kiwanda cha kufulia mashuka pale Saltley zikivuma nyuma ya ukuta. Alijifunza Kiingereza cha Bunge kabla hajajua vizuri kile cha sokoni. Muswada ulisomwa mara ya pili katika baraza la juu, akafurahi. Ukapita kwenye kamati, akamshukuru Mungu. Kanisani wanawake walimpa jina la Mama Bunge, na ibada ikiisha walimzunguka kumuuliza sheria imefika wapi. Aliwajibu kwa majivuno kidogo, kama mtu mwenye ndugu serikalini.

Wale wa Uganda hakuwaambia kitu. Aliogopa kuwapa tumaini lisilo na miguu. Sifa alipouliza, "Mama, utanichukua lini?" alijibu tu, "Vumilia, ninashughulika."

Muswada ulivuka hadi baraza la chini, ukakwama. Kila alipofungua ukurasa alikuta maneno yale yale: tarehe itatangazwa. Kamaljit alimpigia tena. "Mwombee mtoto, Mireille. Nakusihi."

"Muswada umebakiza baraza moja tu," alijibu Mireille.

Mwezi wa Septemba, Séverin, shemasi wao, alimsubiri nje ya kanisa. "Yaya," alisema, akimwita dada mkubwa kwa desturi ya kwao, "umesikia? Serikali imesimamisha maombi mapya ya wakimbizi kuleta familia. Hata watoto."

"Haiwezekani. Ningeletewa taarifa."

Alifungua simu palepale barabarani. Muswada ulikuwa vilevile, tarehe itatangazwa. Kesho yake Kamaljit alimfafanulia, kwa sauti ya chini, kwamba kilichobadilishwa ni kanuni za uhamiaji. Waziri anaweza kuzibadilisha pasipo muswada wowote. Mireille alikuwa ameukodolea macho mlango mmoja, wakafunga mwingine, ule uliokuwa wazi kwa ajili yake. Njia iliyosalia ilikuwa na masharti ya kipato ambayo mfua mashuka hawezi kuyafikia.

"Nilikwambia," Kamaljit alianza, kisha akamsogezea kiti.

Jumapili ile Mireille alipiga simu kambini akawaeleza yote tangu mwanzo: muswada, tovuti, kungoja. Sifa alisikiliza mpaka mwisho, akampa bibi yake simu.

"Nani alikuambia miye nataka kuja huko?" aliuliza mama yake. "Miye niko na shamba yangu ya maharagi. Niko na kanisa, niko na bantu bangu, ndugu na majirani. Ungebeba mutoto."

"Mama, macho yako..."

"Uliniuliza?"

Mireille hakuwahi kuuliza. Kwa muda wote huo, bibi huyo akaongeza, Sifa alikuwa akiamini kwamba mama yake amepata maisha mengine Ulaya na hamtaki tena.

Sifa aliacha shule kabla ya Krismasi, akaenda Kampala kusuka nywele katika saluni ya mtu wasiyemfahamu. Mireille akipiga, wakati mwingine Sifa anapokea. Anasema yuko salama, ana wateja, atapiga baadaye. Mireille anasema sawa, kisha anarudi kwenye mashine, na tangu hapo hakuna tena mtu anayemwita Mama Bunge, wala wanawake hawamzunguki ibada ikiisha.