Mtu Aliyekuwa Juu ya Mifuko

Katika miaka ya hamsini, Wabelgiji wakitawala bado, mume wangu alikuwa shofere wa plantation moja, shamba kubwa la kahawa, huko Masisi. Asubuhi moja alipakia kwenye kamio, lori lake la kazi, viazi na kabichi za kambi ya wachimbaji upande wa Walikale. Nilikuwa mlangoni na mimba yangu kubwa nikamsikia akimwambia bwana wa plantation kwamba freni ya kusimamishia gari imelegea.

"Enda polepole tu," bwana akajibu. Kisha akamwita mfanyakazi mmoja, akamwamuru apande juu ya mifuko akasaidie kupakua.

Kwenye mteremko wa kuingia msituni, kamio ilikataa kusimama. Mume wangu aliigongesha kwenye ukingo ili isitumbukie bondeni, ikalala ubavu. Yeye alitoka na mikwaruzo. Yule wa juu alibanwa mguu, na hospitalini Mweso wakaukata.

Bwana wa plantation alikuja nyumbani kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakukaa.

"Utaambia Leta kama huyu mutu ulimuokota mu njia," alisema. Leta ndiyo serikali ya Wabelgiji. "Hakukuwa mu kazi yangu. Ukisema vile, utabakia na kazi na nyumba. Ukisema ingine, nitasema ulikuwa umelewa."

Alipoondoka tulitazamana. Sheria tuliijua kwa kusikia tu: mtu akiumia kazini, mwenye kazi anapaswa kumtunza, lakini aliyepanda gari kwa safari yake mwenyewe, shauri lake. Basi mguu wa yule mtu ulikuwa juu ya ulimi wa mume wangu. Chakula kilipoa mbele yake, nami niliogopa kumuuliza atasema nini.

Nilipika ndizi na maharagwe nikaenda Mweso kumwona mgonjwa. Nilifikiri ndugu zake watanifukuza. Nilimkuta mke wake uani, anafua vitambaa vya kidonda. Alipokea chungu, akaniuliza bila kuinua macho:

"Mama, banasema bwana yangu alipanda bila kutumwa. Njo kweli?"

"Hapana, dada. Alitumwa. Nilikuwa pale, nilisikia."

Maneno yalitoka kabla sijayapima. Nilirudi nyumbani haraka, maana nilikuwa nimeshamfunga mume wangu kwa kinywa changu. Nilipomwambia, alishika kichwa.

"Nilitaka nifikiri kwanza," alisema.

"Basi fikiri."

"Sasa nifikiri nini tena? Ulishasema."

Siku zilizofuata kila aliyepita na kofia ya polisi nilimfuata kwa macho hadi apotee. Nilifunga nguo zetu mapema, kisha nikazifungua, nikiona ninaita balaa.

Siku ya shauri, mbele ya muzungu wa Leta, nilisimama nje kwenye dirisha pamoja na wake wengine. Bwana wa plantation alisema yake. Mume wangu alipoitwa, sauti yake ilikuwa ndogo hata mkalimani akamwambia arudie.

"Alikuwa mu kazi," akasema kwa nguvu zaidi. "Bwana njo alimupandisha. Na freni, nilimuambia."

Muzungu wa Leta aliamua kwamba mwenye plantation amtunze yule mtu, na akamtunza, kwa uso mkavu. Juu ya freni bwana hakuguswa. Mume wangu alifungwa, kwa sababu shofere, walisema, anapaswa kukataa gari bovu. Kukataa! Sijui ni nani kati yetu angekataa siku zile.

Nyumba tulinyang'anywa. Nilijifungulia kijijini Burungu kwa mama mkwe, na mke wa yule mgonjwa alitembea kutoka Mweso kuja kunichotea maji. Mume wangu alipotoka gerezani alimbeba mtoto kwanza, kisha akaniuliza shamba la kaka yake pale Burungu limefikia wapi, maana alitaka kulima. Kamio hakuishika tena, hata alipoitwa na mabwana wengine.