Waya Mweusi wa Vakyumu ya Kimarekani

Siku yangu ya kwanza kazini sikuongea na mtu mpaka saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu, nimetoka Asembo Bay nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu, na karakana ile ya Kisumu ilikuwa imejaa wanaume na kelele za mota. Niliajiriwa kufua mifuko ya mashine za kufyonza vumbi, ambazo sisi wa kazi tuliziita vakyumu. Mfuko wa kwanza niliubeba kwa mikono miwili, nimeukumbatia kifuani.

Fundi Mkuu alinitazama. Alikuwa Mhindi mwenye kilemba na ndevu nyeupe, mzaliwa wa Kisumu, na Dholuo chake kiliwashinda baadhi yetu.

"Nyar Asembo," akasema, maana yake binti wa Asembo, "huo ukiubeba kama mtoto mchanga utapiga chafya mpaka Krismasi."

Wote wakacheka. Mimi nilitazama sakafu. Tangu siku hiyo sikuitwa jina lingine.

Vijana wa leo wanajua vakyumu za plastiki zinazoburutwa kwa bomba la mpira. Zetu zilikuwa za kusimama wima. Zilikuwa na mpini mrefu, mfuko wa kitambaa ukining'inia nyuma yake, na chini kichwa kizito cha alumini kilichobeba mota. Chini ya kichwa kulikuwa na brashi ya mviringo iliyozungushwa na mkanda wa raba. Brashi ilipiga zulia, vumbi likaruka, feni ikalivuta na kulisukuma mfukoni. Kwa hiyo takataka zote zilipita katikati ya feni kabla ya kufika kwenye mfuko. Sarafu moja ikiingia, ungesikia mlio kama wa sahani inayovunjika, na feni ya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, imekwisha. Baada ya mwaka wa kufua mifuko, kazi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa kuondoa feni hizo na kuweka za alumini, tulizokerezewa na fundi wa vyuma jirani yetu.

Mabadiliko mengine yaliletwa na ziwa. Kuna majira wadudu wa ziwa hutoka majini kama moshi, wakaingia mjini kufuata taa, na asubuhi utawakuta wamekufa kwenye korido za hoteli, tabaka kwa tabaka. Vakyumu iliwafyonza, feni ikawasaga, na baada ya siku mbili mfuko ulinuka kama omena, dagaa wa ziwa letu, wa juma lililopita. Kwa hiyo tulishona pete ya chuma ndani ya mfuko wa kitambaa ili ushike mfuko wa karatasi wa kutupa. Tulibadilisha pia kanyagio la kuinua kichwa, kwa kuwa springi zake zililiwa na kutu.

Baadaye nilitumwa Bondo kutunza mashine za kumbi na mabweni. Nilikaa huko miaka miwili peke yangu, na kwa mtu mwenye haya kama mimi ilikuwa raha. Mashine zote za huko zilikuwa za Kiingereza, za zamani. Ndani yake waya mwekundu ulikuwa wa moto, yaani unaoleta stima, na mweusi ulikuwa nyutro, yaani unaoirudisha. Nilifungua na kufunga mamia ya viungo hivyo mpaka vidole vyangu vikavijua bila mimi kufikiri. Nilijivunia jambo hilo.

Niliporudi Kisumu nilipewa cheo cha Fundi wa Pili. Wakati huo hoteli moja kubwa kando ya ziwa ilinunua mnadani vakyumu mbili za Kimarekani, nzuri sana, zenye taa mbele kama gari ili mfagiaji aone chini ya vitanda. Zilikuwa za volti mia na kumi, nusu ya stima yetu. Fundi Mkuu alinikabidhi mimi.

"Suka koili upya," akasema. "Weka kebo ya nyaya tatu, maana hizi zina mbili tu, hazina waya wa ardhi. Na taa tafuta ya cherehani, ile ya kuzungusha. Utaweza, donge, au sivyo?"

"Nitaweza," nikasema.

Nilifanya kazi siku tisa. Nilizungusha waya mpya kwenye mota, nikabadilisha vipande vya kaboni vinavyoipa mota stima, nikaweka balbu ya cherehani, nikafunga waya wa ardhi kwenye mwili wa alumini ili stima ikivuja isimpige mtu. Mwisho niliunganisha kebo za zote mbili, kwa namna moja. Ndani ya mashine kulikuwa na waya mweusi na waya mweupe. Vidole vyangu viliuona mweusi, vikaufunga kwenye nyutro kama vilivyozoea Bondo.

Lakini kwa Wamarekani mweusi ndio wa moto.

Ukikosea hivyo, mashine haikwambii. Inawaka vizuri na inazima vizuri. Ndivyo ilivyokuwa. Fundi Mkuu aliiwasha ile ya kwanza, akasikiliza mota kichwa kikiwa upande, akaizima, akatia sahihi kwenye kadi yake ya ukaguzi. Jioni hiyo dereva wa hoteli akaichukua.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na nusu, nilikuwa nikikaza balbu ya mashine ya pili. Plagi ilikuwa ukutani, swichi ya mpini imezimwa. Bisibisi yangu ya kupimia stima iligusa ukingo wa kikombe cha balbu, kile cha chuma kinachoishika, na kitaa kilichomo ndani yake kikawaka.

Nilidhani nimekosea. Nikagusa tena. Kikawaka tena.

Hapo nikaelewa. Swichi ilikuwa inakata nyutro na kuuacha moto ndani. Kikombe cha balbu, ambacho kinapaswa kuwa salama, kilikuwa na stima yote hata mashine ikiwa kimya. Na wadudu wa ziwa wanapenda taa. Huingia chini ya kifuniko chake na kukaangika juu ya balbu. Mashine ile ilipelekwa ghorofa ya pili, na mfanyakazi wa usafi wa huko, Mama Akoth, nilimjua vizuri, nilikuwa nimemwonyesha mashine nyingi. Mashine yake ya zamani nayo ilikuwa na taa, na kila asubuhi ya wadudu alizima swichi ya mpini, akaacha plagi mwisho wa korido kwa kuwa ni mbali, akafungua kifuniko, akazungusha balbu na kuitoa, kisha akapangusa kikombe kwa kitambaa chenye maji. Mkono wa kushoto alishika kichwa cha alumini kisiteleze. Kichwa cha mashine hii mpya mimi nilikuwa nimekifunga kwenye ardhi. Kwa hiyo stima ingeingia mkono mmoja na kutokea wa pili, na kati ya mikono miwili ni kifua.

Juma hilo wadudu walikuwa wengi.

Nilikwenda ofisini. Fundi Mkuu alikuwa ameketi na Meneja pamoja na wageni wawili waliovaa tai. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilisimama hapo. Nilitayarisha maneno, nikayapanga, yakavurugika. Meneja aliinua macho.

"Chai bado?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Nikarudi kwenye meza yangu.

Nimeandika sentensi hiyo polepole, kwa sababu ni kweli. Nilirudi kwenye meza yangu, nikaiangalia mashine ya pili, nikaigusa tena kwa bisibisi kama kwamba ingebadilisha mawazo. Kitaa kikawaka. Nikaenda mlangoni mara ya pili, nikasikia wageni wanacheka, nikangoja wamalize kucheka. Mara ya tatu niliingia ndani.

"Fundi," nikasema. "Fundi. Ile ya hoteli. Nimegeuza moto na nyutro."

Fundi Mkuu aliweka kalamu chini. "Ile ya jana?"

"Ile ya jana."

"Yenye taa?"

"Yenye taa."

Hakuniuliza tena. Alichukua simu na kupiga hotelini huku akinionyesha mlango kwa mkono wa pili. Nilisikia sauti ya msichana wa mapokezi: "Watu wa usafi huacha simu zao kwenye kabati mpaka saa sita, sir. Niwachukulie ujumbe?"

"Ujumbe ni wasiguse mashine!"

"Mashine gani, sir?"

"Chukua pikipiki," Fundi Mkuu akaniambia. "Kimbia, nyathina, mwanangu. Mimi nabaki na huyu."

Kutoka karakana mpaka hotelini ni dakika kumi. Barabara yenyewe siikumbuki. Nakumbuka askari wa getini akinisogezea daftari lake.

"Jina, namba ya kitambulisho, sababu ya kuja. Na uandike vizuri, si kama daktari."

Mimi huandika polepole tangu shuleni. Nilianza herufi ya kwanza ya jina langu, nikaitupa kalamu na kukimbia.

"We mama! We mama, simama!" Viatu vyake vikanifuata kwenye ngazi.

Mama Akoth alikuwa amepiga magoti katikati ya korido. Kifuniko cha taa kilikuwa wazi na balbu iko kando yake juu ya zulia. Kushoto ameshika alumini. Kulia ana kitambaa, kinadondosha maji, na anakikunja ili kiingie vizuri kwenye kikombe.

Nilikuwa sijawahi kupiga kelele maishani mwangu, hata kanisani.

"Mama, mikono juu!"

Akainua mikono yote miwili. Kitambaa kikaruka na kumwangukia askari aliyekuwa nyuma yangu. Mimi nilipita mbio mpaka mwisho wa korido nikang'oa plagi ukutani, nikakaa chini nikiwa nayo mkononi.

"Nyar Asembo!" Mama Akoth alikuwa bado ameinua mikono. "Ni wewe ndiye mwizi? Unataka moyo wangu usimame?"

"Mtu huyu hakuandika daftari," askari akasema.

Nilimweleza Mama Akoth kila kitu nikiwa bado nimeketi. Alishusha mikono taratibu, akaitazama, wa kushoto halafu wa kulia.

"Ulijua saa ngapi?" akauliza.

Ningeweza kusema nimejua sasa hivi tu. Hakuna ambaye angejua.

"Saa mbili na nusu."

Aligeuka kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika tano.

"Na kutoka kwenu mpaka hapa?"

"Dakika kumi."

Nikaona anahesabu.

"Nilisimama mlangoni," nikasema. "Kulikuwa na wageni. Meneja aliniuliza chai."

"Chai," Mama Akoth akasema.

Aliniwekea balbu mkononi, akainuka, akaenda kuchukua ufagio.

Fundi Mkuu alifika baadaye. Mbele ya Msimamizi wa Usafi, mwanamke mkali aliyeogopwa na hoteli nzima, nilianza kusema kosa ni langu. Fundi Mkuu alinikatiza. "Kadi ina sahihi yangu," akamwambia. "Niliisikiliza mota, sikuifungua taa." Tuliporudi aliongeza mstari kwenye kadi zote: ipimwe ikiwa imezimwa, kifuniko kikiwa wazi. Kisha akaniita ofisini, akaniambia nitoke nje, akafunga mlango.

"Sasa ingia," akasema kutoka ndani.

Nikabisha.

"Nimesema ingia, sikusema bisha. Mara nyingine ukiwa na habari kama ile, piga teke."

Alistaafu miaka michache baadaye, nami nikakaa kwenye kiti chake mpaka mwaka huu. Vakyumu za alumini zimepungua. Zinazokuja ni za kanisa moja moja, au za vijana wanaopenda vitu vya zamani, ambao hunitumia picha kwa simu na kuuliza kama inafaa kubadilisha feni. Huwajibu: inafaa, lakini nitumie kwanza picha ya nyaya. Mama Akoth aliacha kazi akahamia kwao Katito. Tulisalimiana vizuri miaka yote hiyo, na kisa kile hakukitaja tena. Mimi pia sikumweleza mtu. Niliwafundisha mafundi rangi za nyaya za Waingereza na za Wamarekani, na kadi, na bisibisi ya kupimia. Zile dakika zangu za mlangoni sikuzifundisha.

Siku ya kuniaga waliweka keki juu ya meza ya kazi, kati ya mota mbili. Meneja wa sasa alisema maneno mazuri, halafu akaniomba niseme neno. Kila mtu alijua ningesema asante na kuketi. Nilishika ukingo wa meza nikawaeleza haya niliyoyaandika hapa, pamoja na chai.

Nilipomaliza, Fundi Odhiambo, mtu mzima mwenye watoto watatu na mikono mizuri kuliko yangu, aliweka sahani yake chini.

"Mama," akasema, "ile vakyumu ya kanisa niliitoa jana. Nilitia sahihi. Sikufungua kifuniko."

"Odhiambo," Meneja akasema, "si ungoje basi tukate keki?"

"Nenda," nikasema.

Akaenda na aproni yake. Sisi tulisimama kuizunguka meza. Mtu mmoja aliuliza kama tuanze, nikasema hapana. Soda zilipoteza ubaridi. Ilipita karibu saa nzima kabla hatujasikia pikipiki nje, naye akaingia, shati limemganda mgongoni.

"Iko sawa, Mama. Moto uko mahali pake."

Wenzake walimcheka. "Umekimbia bure, ndugu yangu! Na leo jua ni kali!" Naye akacheka kidogo, akitazama sakafu.

Mimi nilichukua kisu, nikakata keki, na kipande cha kwanza nikampa yeye.