Wauaji wa Bi Enid

Bi Enid Sowerby aliua watu wengi maishani mwake, wote vitabuni. Aliwaua kwa sumu, kwa nyundo ya mwashi, kwa kuwasukumia kisimani, katika Uingereza ya miaka mia tatu iliyopita. Kisha alimtuma mkunga wake wa kubuni, Mercy Pole, azunguke na kapu lake mlango hadi mlango mpaka muuaji ajulikane. Kwao Harthwaite, kwenye baridi ya kaskazini, watu walimwona Enid akipanga foleni ya mkate na koti lake lilelile la kijani, wakasahau kabisa kazi yake.

Kila Jumapili, nyama ikishaliwa na sahani kuoshwa, alimsomea mumewe sura moja. Huyo Clem alikuwa na bucha kabla hajastaafu, mtu wa maneno machache, na kazi yake ilikuwa kukisia muuaji. Akikosea mpaka mwisho, Enid alijua kitabu kimeiva. Na Clem alikosea kila mwaka, miaka thelathini. Waandishi wa magazeti waliandika yao. Enid alimsikiliza Clem.

Mwaka ule mambo yaliharibika. Mchapishaji alipiga simu kutoka London. Kwa ule upole ambao ni mbaya kuliko matusi, alisema wasomaji wa kitabu kilichopita walimjua muuaji kabla chai yao haijapoa. Kipya kikiwa hivyohivyo, basi Mercy Pole apumzike. Enid aliweka simu chini, akakaa kwenye ngazi. Yeye na Clem hawakujaliwa mtoto; Mercy ndiye mtoto aliyemlea. Ila Clem alishasikia nusu ya kitabu kipya na alishikilia kwamba muuaji ni kasisi, wakati muuaji alikuwa mfumaji wa sufu. Enid akajipa moyo.

Alhamisi moja ukungu ulishuka, akaenda kumchukua Clem baa, maana goti lake bovu halikuaminika kwenye mawe yenye utelezi. Clem alikuwa msalani. Mwenye baa, Arnold, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na mlango, akamkaribisha.

"Bi Enid, safari hii ni yule mfumaji, siyo? Mie nishaweka dau la bia."

"Nani kakwambia?"

"Mzee wako, nani mwingine? Kila mwaka anatutajia mapema, na hajawahi kuko..." Arnold aliuona uso wake, akaanza kufuta bilauri iliyokwisha kauka.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Enid alimshika mumewe mkono njia nzima, kwa sababu ya goti tu. Nyumbani hakuvua hata koti.

"Umenifanya mjinga, Clem."

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Sikai. Miaka yote hii?"

"Kile cha kwanza nilikwambia kweli. Unakumbuka ulivyofanya? Ulikichoma, karatasi moja moja, ukalia wiki nzima. Nikasema huyu mwanamke hatachoma kingine kwa mdomo wangu."

"Na mimi nikakutegemea."

"Ndiyo. Hapo nilikosea."

Enid alimkasirikia na kumpenda kwa pamoja, na hasira ndiyo iliyochoka kwanza. "Haya, unawajuaje?"

Clem alijikuna shingo. "Unawalisha."

"Nawalisha vipi?"

"Wengine wote kitabuni wanakunywa uji wa shayiri. Yule muuaji, wa kunyongwa mwishoni, anapata pai ya moto, na kiti karibu na moto. Huyu mfumaji umempa supu ya kondoo mapema kabisa. Nikamwambia Arnold, maskini, amekwisha huyu."

Enid akaketi. Ilikuwa kweli, naye hakuwahi kujua. Alijua mwisho wa mtu yule, akamhurumia, na mkono ukampakulia.

Asubuhi alikaa kwenye taipureta aiondoe ile supu. Alimnyang'anya mfumaji bakuli, akamwona ameketi na njaa yake, akamrudishia. Hakuweza. Basi akampikia kasisi. Akampikia mhunzi, na mjane mchongezi, na hata kabaila aliyekuwa akiwapiga watumishi wake. Kijiji kizima kikala kikashiba. Na kwa kuwa mfumaji alishafichuka, damu ile akambebesha mwingine.

Kazi ilipokwisha, alimsomea Clem tangu mwanzo, Jumapili mbili mfululizo, akasimama kabla ya sura ya mwisho.

"Sema sasa. Na usinihurumie."

Clem alimtaja kasisi, akajirudi. Akamtaja mjane, akatikisa kichwa. Alifikiri mpaka chai ikapoa kikombeni.

"Sijui," alisema mwishowe. "Wote umewapenda, Enid. Sijui kabisa."

Uongo wa Clem, Enid hakuwahi kuutambua, lakini ukweli huu aliutambua papo hapo. Aliweka karatasi chini akalia kwa furaha, na Clem, akidhani amemwumiza tena, akaanza kuomba radhi.