Mashine Iliyosema "Ngombe"

Siku ambayo vishikwambi vilifika shuleni kwetu, mwalimu mkuu aliamuru vitabu vya hadithi viondolewe kwenye kabati la Gredi ya Nne ili nafasi ipatikane. Nilivibeba mwenyewe hadi stoo, katoni tatu, nikaziacha sakafuni kwa haraka kwa sababu wageni walikuwa wanasubiri tupigwe picha. Nikikumbuka yote yaliyofuata, hilo ndilo linaloniuma kwanza: kwamba nilivibeba mwenyewe, na kwamba nilikuwa na furaha.

Ninaishi Kimbo, pale Ruiru, na ninafundisha Kiswahili katika shule ya msingi upande wa Ngoliba, ambako wazazi wengi ni wakulima wa mahindi na ndengu. Darasa langu lilikuwa na watoto arobaini na wawili, na vitabu ambavyo kurasa zake zilikuwa zimeshikwa mpaka zikalainika kama kitambaa. Kwa hivyo kampuni ilipokuja na vishikwambi ishirini vyenye programu ya kufundisha kusoma Kiswahili, sikuuliza maswali. Nani angeuliza?

Tulipelekwa hoteli moja Thika kwa mafunzo ya siku mbili. Mafunzo hayo ya kufundisha Kiswahili yalifanywa kwa Kiingereza kuanzia sala ya kufungua hadi sala ya kufunga. Mkufunzi wetu, msichana mchangamfu aliyeonekana kumaliza chuo juzi tu, alitueleza kwamba mashine itamsomea mtoto sentensi, mtoto atairudia, kisha mashine itamsikiliza na kumhukumu. Akipatia, nyota ya kijani. Akikosea, alama nyekundu. Kila Ijumaa matokeo yangejituma ofisini kwao, na mwisho wa muhula mwalimu mkuu angepata ripoti ya kila mtoto.

Mwalimu mmoja wa shule jirani aliinua mkono. "Na zikiharibika?"

"Hizi haziharibiki, mwalimu," mkufunzi akasema. Watu wakacheka, tukaenda kunywa chai.

Shule yetu yote ina soketi nne, na tatu ziko katika ofisi ya mwalimu mkuu. Hilo tuligundua wiki ya kwanza. Vishikwambi vilichajiwa kwa zamu juu ya meza yake, vitatu vitatu, na stima ikipotea, kama inavyopotea kwetu bila kuaga, hatukuwa na somo. Intaneti nayo ilikuwa ile ya simu yangu, kwa sababu laini waliyotuwekea haikushika upande wetu wa mlima. Nililalamika, lakini kwa sauti ya chini. Watoto walikuwa wanavipenda. Asubuhi walifika mapema bila kuitwa, na nilijiambia kwamba haya mengine yatanyooka.

Kisha tukafika hadithi ya nne. Ilikuwa hadithi ya ng'ombe aliyevunja ua na kuingia shambani. Mashine ilianza kusoma kwa sauti yake ya kike, safi, isiyochoka: "Ngombe wa babu ana nguvu." Ilitamka ng ya *ngombe* sawasawa na ng ya *nguvu*. Nilidhani nimesikia vibaya, nikabonyeza tena. Ngombe. Nikasogeza mbele. Ngombe alingoa miti ya ua.

Msichana wa kwanza kusoma siku hiyo alikuwa mtoto mkimya aliyeketi karibu na dirisha, msomaji bora kuliko wote darasani. Kwao wanafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, na yeye ndiye humkatia nyasi kabla ya kuja shule. Alisoma sentensi vizuri kabisa, akasema ng'ombe kama anavyosema kila mtu aliyewahi kumkama. Alama nyekundu. Akarudia polepole. Nyekundu. Mara ya tatu alipaza sauti, kama mtu anayezungumza na asiyesikia vizuri. Nyekundu.

"Mwalimu, inasema nimekosea."

Ningependa kuandika kwamba nilikizima kile kitu hapo hapo. Lakini kulikuwa na watoto wengine wanasubiri zamu, betri ilikuwa imebaki kidogo, na ilikuwa Ijumaa. Nilimwinamia nikamwambia, "Sema tu vile inasema upate nyota, tuendelee."

Aliniangalia. Haikuwa jeuri. Aliniangalia kama anayetaka kuhakikisha kwamba ni mimi niliyesema.

"Lakini si hivyo, mwalimu."

"Najua si hivyo. Sema tu."

Hakusema. Alikiweka kishikwambi mezani na kukunja mikono kifuani. Wenzake hawakuwa na shida. Ndani ya dakika chache darasa zima lilikuwa linaimba ngombe, ngombe, na nyota za kijani zinaruka kwenye vioo. Wiki iliyofuata nilimsikia mtoto akipiga kelele uwanjani, "Ngombe imeingia kwa shamba!" na hakukuwa na mashine karibu.

Nilimpigia mkufunzi simu. Alinisikiliza kwa adabu. "Asante sana madam, tumeliandika. Tutalipeleka kwa watu wa ufundi." Nikapiga tena baada ya wiki mbili. Likawa limeandikwa tena. Mara ya tatu nilichoka na simu, na Jumamosi moja, kwa vile ofisi yao ilikuwa hapo Ruiru, nilienda mwenyewe kwa miguu kutoka nyumbani.

Ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Mkufunzi alinipokea vizuri, akanipeleka kwa mwanamume wa makamo aliyekuwa na kompyuta mbili mbele yake. Nilimweleza. Nikamtamkia yote mawili, ng na ng', mara kadhaa, mpaka nikajisikia kama mimi ndiye mwanafunzi.

"Sasa madam," akasema, "hiyo sauti si yetu. Tuliinunua ikiwa imetengenezwa nje. Neno moja hatuwezi kuligusa."

"Si neno moja. Ni ng'ombe, ni ng'oa, ni ng'ambo, ni kung'aa. Ni sauti nzima ya lugha."

"Nakuelewa. Lakini watoto si wanaelewa tu ni ng'ombe?"

"Wanaelewa. Mashine ndiyo haielewi, na mashine ndiyo inawasahihisha."

"Basi hiyo alama nyekundu, mnaweza kuipuuza."

"Inaenda kwenye ripoti!"

Akatazama kioo cha kompyuta. "Toleo lijalo," akasema. Nilishuka zile ngazi nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi, kwa sababu hakuna aliyenitusi. Wote walikuwa wapole. Kila mmoja alikubali kwamba nina haki, na hakuna kilichobadilika.

Ripoti zilikuja mwisho wa muhula, zimechapishwa kwa rangi. Mwalimu mkuu alizigawa katika mkutano wa wazazi kabla sijaziona. Yule msichana, msomaji wangu bora, alikuwa nyekundu kutoka juu hadi chini: "Anahitaji msaada wa haraka katika matamshi." Baadaye nilielewa kwamba tangu siku ile alikuwa akikataa kuiiga mashine katika kila neno lenye ile sauti, hadithi baada ya hadithi, na hakuwahi kuniambia tena.

Mama yake alisimama na karatasi mkononi. Alikuwa na kitenge kiunoni na viatu vya shamba, na sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti.

"Mwalimu, nisaidie. Mtoto wangu hajui kusoma?"

"Anajua, mama. Anajua sana."

"Mbona hii inasema hajui?"

Nilianza kueleza mambo ya sauti na toleo. Akanikatiza. "Ilete hiyo mashine tuisikie."

Nikaileta. Nikabonyeza. Ngombe wa babu ana nguvu. Wazazi wakapasuka kwa kicheko, mzee mmoja nyuma akasema, "Haiya! Hiyo ngombe inakamwa wapi?" Hata mwalimu mkuu alicheka. Mama huyo hakucheka. Alingoja mpaka ukumbi ukatulia.

"Na nyinyi walimu mlikuwa mnasikia hivyo muhula mzima?"

Kabla sijajibu, binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na wenzake, akasema, si kwa ukali, "Mwalimu aliniambia nami niseme hivyo."

Nimefundisha miaka mingi na nimesemwa na wazazi mengi. Sijawahi kutamani sakafu ipasuke kama siku hiyo. Nilisema mbele ya wote, "Ni kweli. Nilimwambia hivyo, na nilikosea. Yeye ndiye alikuwa amepatia." Mama alikunja ripoti mara nne, akaitia ndani ya mkoba, akaketi.

Muhula ulipofunguliwa nilienda kuomba vitabu vyangu virudi darasani. Mwalimu mkuu hakutaka. Alikuwa ametia sahihi kwamba vishikwambi vitatumika kila kipindi. Nilisumbua mpaka akanipa ufunguo wa stoo ili yeye apumzike na mimi ninyamaze. Mchwa walikuwa wamenitangulia. Katoni ya chini kabisa ilikuwa udongo mtupu wenye majalada. Niliokoa katoni moja na nusu, nikakung'uta vitabu kimoja kimoja juani.

Halafu Jumatatu moja, vishikwambi vyote viliamka na kioo cheupe na maandishi ya Kiingereza: muda wa leseni umekwisha, wasiliana na mhudumu. Nilipiga simu ya mkufunzi, haikupatikana. Nilienda Ruiru, pale juu ya duka la vioo palikuwa na saluni. Msusi aliniambia wale watu walihama kabla ya Pasaka.

Nilichukua vishikwambi viwili nikampelekea fundi wa simu Thika, mwanamke mmoja ambaye kibanda chake ni kidogo lakini hutengeneza chochote. Kimoja betri ilikuwa imefura. Kingine alikigeuza geuza, akasema, "Hii ni nzima, mwalimu. Wameifunga tu. Nikiipangusa kabisa, itasoma vitabu, itarekodi sauti, bila intaneti. Na betri za aina hii ninazo."

Karibu nimkumbatie. Nilirudi shuleni mbio kumweleza mwalimu mkuu. Alinionyesha kibandiko nyuma ya kila kishikwambi: mali ya kampuni, usifungue. "Wakirudi watuulize?"

"Hawarudi. Ofisi ni saluni."

"Basi tuwaandikie."

Tukawaandikia watu wasiokuwepo kuomba ruhusa ya kutumia vitu vilivyokufa. Barua haikujibiwa, na vishikwambi vimefungiwa kabatini hadi leo, betri zikiendelea kufura gizani. Kila nikipita hapo natamani kulia kwa hasira. Vingeweza kusaidia. Hapo ndipo watu hawanielewi. Huniona kama mwalimu wa zamani anayechukia mashine. Sichukii mashine. Nachukia kupewa kitu nisichoruhusiwa kukirekebisha.

Nilibaki na simu yangu. Nilianza kuwarekodi watoto wakisoma vile vitabu vilivyonusurika mchwa, ili wadogo wa Gredi ya Kwanza wasikilize kupitia spika ndogo ya redio. Wote walijitokeza isipokuwa mmoja. Tangu ule mkutano alinijibu kwa heshima na kwa ufupi. Nilikuwa nimemwomba msamaha peke yake pia, akasema, "Ni sawa, mwalimu," kwa ile sauti ya watoto wanapomaanisha kwamba si sawa.

Alasiri moja alibaki darasani wenzake walipotoka kucheza. Akaitazama simu pale mezani.

"Hiyo nayo itaniambia nimekosea?"

"Haiwezi. Hii inasikia tu."

Alichagua kitabu mwenyewe, akasoma mwanzo hadi mwisho bila kusita. Alipomaliza aliomba kujisikiliza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema ukurasa wa tatu ameuharakisha, akaurudia. Siku hizi yuko shule nyingine. Mwaka jana familia ilihamia Theta. Wadogo bado wanamsikiliza.

Na mwaka huu imekuja barua nyingine, kampuni nyingine, mashine mpya. Katika kikao cha walimu niliuliza ni nani atazitengeneza zikiharibika, kama zitafanya kazi bila mtandao, na kama neno likikosewa tutaweza kulirekebisha sisi wenyewe.

"Mwalimu," mwalimu mkuu akasema, "watu wanatuletea vitu vya bure na wewe unawatahini?"

Wenzangu waliangalia saa. Tuligawiwa fomu tutie sahihi; kila moja ilikuwa na nafasi ya jina, somo na nambari ya simu. Niliyaandika maswali yangu nyuma ya karatasi yangu, kwa herufi kubwa, nikairudisha mezani. Iliwekwa juu ya zile nyingine kifudifudi, mwandiko wangu ukitazama juu, na mwalimu mkuu akaigeuza ili zote zilingane.