Nilikataa Kutupa Vidonge Vyangu

Wapendwa, munaniona nimesimama. Hilo peke yake lingetosha, lakini leo nataka kusema yote.

Mi naitwa Nabintu, mzaliwa wa Bukavu. Nilizaliwa na ugonjwa wa SS: chembe za damu zinapinda kama mundu, zinakwama ndani ya mishipa, na mifupa inauma kama inatobolewa. Mama alinikanda miguu kwa maji ya moto, akisema, "Vumilia, mwanangu." Nilivumilia. Nilisoma, nikajifunza kushona, na tulipokimbilia hapa Malawi, kambini Dzaleka, nilikuja na mkasi wangu ndani ya mfuko wa nguo. Nikaolewa na Bahati, mwoka mikate.

Baridi ya mwezi wa sita, mwaka wa pili wa ndoa, njo ilinivunja. Maumivu yalianza kiunoni, yakapanda kifuani, nikawa napumua vipande vipande. Macho yaligeuka manjano. Bahati alinipakia kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, naye akakimbia nyuma amenishika mgongo nisianguke. Kliniki ya kambi wakanituma hospitali ya Dowa, Dowa wakanituma Lilongwe. Nikaongezwa damu. Mwaka ule niliongezwa mara nne, na mara ya nne mwili uliikataa: homa, kutetemeka, mkojo mweusi kama kahawa.

Daktari, mama mmoja Mmalawi asiyepamba maneno, alikaa kando ya kitanda changu.

"Kuna njia mbili," alisema. "Tuendelee na damu, lakini kila mara itakuwa vigumu zaidi kupata inayokubaliana nawe. Au umeze kidonge kila siku, pengine maisha yako yote. Hakiponyi, kinapunguza mashambulizi. Utapimwa kila mwezi, maana kinaweza kushusha askari wa mwili. Na wakati unakimeza, usishike mimba."

"Nikitaka mtoto?"

"Utaniambia kwanza. Tutakiacha miezi kadhaa, na utabeba mimba bila kinga hiyo. Kwa hali yako, naogopa."

Nilichagua kidonge.

Nilipoeleza nyumbani, mama mkwe, aliyekuwa akiishi nasi, alisikia neno moja tu: mimba.

"Hiyo njo dawa ya kufunga kizazi! Mwanangu alioa mwanamke ao alioa farmasi?"

Akamwita mzee wa maombi. "Dada," mzee akaniambia, "tupa hivyo vidonge chooni kwa imani. Bwana atakufungua."

Nilimsalimu kwa heshima, kisha nikajibu, "Baba, mi naamini Mungu. Lakini hii mifupa ikinishika, we unalala. Sitatupa."

Mama mkwe akamgeukia Bahati. "Sema kitu!"

Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini. Bahati akasema, "Mama, batoto sijabaona bado. Huyu namuona."

Haikuwa rahisi. Mwezi wa pili wa kumeza, vipimo vya damu vilishuka, daktari akasimamisha dawa wiki mbili. Mama mkwe akaimba nyimbo za ushindi jikoni. Nikaanza tena kwa dozi ndogo. Kucha zikawa nyeusi kwa sababu ya dawa, wanawake wa bombani wakanong'ona kwamba nimerogwa. Mikono hiyohiyo niliiweka juu ya cherehani barazani, wapite waitazame. Baridi iliyofuata nilishona sare za shule kutoka asubuhi hadi jioni, na sikulazwa hata siku moja.

Imepita miaka sita. Maumivu bado yanakuja, lakini hayanibebi tena. Mtoto sijazaa. Kuna wanaongoja nilie nikitaja hilo. Nimeshalia, nyumbani kwangu. Hapa silii. Mama mkwe siku zingine hanisemeshi, siku zingine ananiletea uji.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari, na Wamalawi walionipa damu yao bila kunijua jina. Kwa lugha yao: zikomo kwambiri.

Na we mwenye SS, ao mwenye mtoto wa SS: muulize daktari faida na hasara mpaka achoke. Kinachonifaa mimi labda hakitakufaa we. Vipimo usivikose hata kama unajisikia mzima. Lakini ukishachagua na daktari wako, usikubali mtu asiyeumwa akuchagulie upya.

Mi kesho asubuhi nitameza changu, kisha niende kazini.