Nilimsomea Mumewe Mlango wa Mama Brayo

Nimekosa, wapendwa. Nimekosa vibaya, na mama wa watu amevunjwa mifupa kwa sababu yangu.

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: yule mwanamume angempata mkewe hata bila mimi? Labda angemfuata kutoka sokoni. Labda jirani angesema. Labda, labda! Mimi ni mtu wa kuwaza. Hata kujibu ujumbe kwa neno "sawa" hunichosha. Lakini siku niliyotakiwa kuwaza, sikuwaza.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi kwenye kampuni ndogo inayopelekea watu wa Kibera na Kawangware mitungi ya gesi. Nakaa kaunta na kompyuta. Kila mteja yuko kwenye sistemu: jina, simu, anapoishi, na chini kabisa nafasi ya maelezo, ambapo sisi wafanyakazi humwandikia mwenzetu wa pikipiki jinsi ya kufika.

Mama Brayo, na hilo si jina lake, alikuwa mteja wetu wa Soweto West, kule Kibera. Siku moja alikuja kaunta jicho limevimba.

"Nimehama, niko Gatina, Kawangware," akaninong'oneza. "Toa kila kitu cha kule kwenye kompyuta yenu, kijana yangu. Huyo mtu akinipata ataniua."

Nikabadilisha namba na mahali anapoishi. Nikaweka jina lake la ubatizo, Janet, ambalo hakuna aliyemwita kwalo. Nikaandika "Mama Brayo" kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza. Hakuna kitu. "Umepotea kabisa, mathe," nikamwambia. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Haukupita muda, watu wa pikipiki wakaanza kunifokea. "Buda, huko Gatina hakuna mtu anajua Janet! Nimezunguka na mtungi begani kama mwizi!"

Si mnajua kwetu mama hujulikana kwa mtoto wake? Hata akihamia ploti mpya ya kupanga, mtoto akishaitwa mara mbili tatu pale nje, mama amepata jina. Kwa hiyo nikaandika kwenye maelezo, kwa vidole vyangu hivi: "Ukifika uliza Mama Brayo." Nikajiona mwerevu!

Nilisahau jinsi sistemu inavyotafuta. Haiangalii jina peke yake. Ukiipa neno inalipekua kila mahali, hata kwenye yale maelezo ya chini, kisha inakuletea mtu mzima mzima, na mtaa wake, na geti lake, na mlango wake.

Mumewe alikuja mchana, shati limelowa jasho. Sikumjua.

"Bro, haraka! Mtungi wenu unavuja kwangu, na wife yuko ndani! Mama Brayo."

Nikaandika. Akatokea mmoja tu.

"Fundi mnamtuma wapi?" akauliza. "Msije mkampeleka Kibera, tulihama."

Nikamsomea. Nikamsomea kwa sauti! Gatina, nyuma ya kanisa, geti la kijani, orofa ya tatu, mlango wa mwisho.

"Hapo hapo," akasema. "Mungu akubariki."

Nilimtuma fundi Wafula. Alipofika akanipigia simu akipiga kelele: "Wewe! Hapa hakuna gesi, hapa ni damu! Amemvunja mkono na chuma, amempasua taya, na sasa watu wanataka kumchoma huyo mwanamume!" Nyuma ya sauti yake nilisikia mawe yakigonga mabati, na mwanamke akilia bila maneno, kama mnyama.

Polisi walimwokoa yule mwanamume akiwa hana meno ya mbele. Mimi nilisikitika kwamba hawakuchelewa. Ndiyo, hata hilo naliungama.

Huko kituoni akasema mkewe ndiye aliyempigia simu na kumwelekeza, warudiane, kisha mke huyo akamgeukia na kisu, naye mume akajitetea. Na mama wa watu angejibu vipi, mdomo umefungwa kwa waya na madaktari?

Nilienda wodini nikijifanya nimetumwa na kampuni kumjulia hali. Nikamkuta kaka yake amesimama kando ya kitanda chake.

"Nani alimwonyesha mlango kama si wewe?" alikuwa anamwambia. "Umezoea kumrudia! Hata polisi nimewaambia ulimwita mwenyewe."

Yule mama alitikisa kichwa. Alitikisa, alitikisa, machozi yakimwingia masikioni. Nami nilisimama pale na pakiti ya juisi, nikijua, nimenyamaza!

Bosi alikuwa ameshanionya. "Hayo maelezo nimefuta. Ukifungua mdomo kampuni imekwisha, na wewe umekwisha. Kula chako, nyamaza."

Nikala changu, nikanyamaza. Kila usiku nilitamani kumuua yule mwanamume, na kila usiku niliona mkono wangu pia umeshika kile chuma.

Enyi mnaokaa kaunta, nisikieni! Mtu akikwambia yeye ni mume, ni ndugu, ni pasta, mwache akutajie yeye anapoishi. Usimsomee! Na mtu akiomba umfiche, usiridhike kwamba alifichika siku ile. Kila ukiongeza neno, mtafute tena kwa kila jina ambalo majirani wanamwita.

Juzi asubuhi sikwenda kazini. Nilimwomba Wafula anisindikize, tukaenda kituoni. Afisa aliponiuliza ni nani aliyemwelekeza mtuhumiwa, nilisema ni mimi, na nikaeleza lile neno lililotafutwa na mahali lilipokuwa. Nikatia sahihi. Kazi imeisha, bosi amenitumia ujumbe wenye matusi tu.

Kutoka hapo nilienda wodini, nikamwambia Mama Brayo yote, kaka yake akisikia. Mama aligeuza uso ukutani. Kaka yake alinipiga kofi, akanipiga la pili, nikaonja damu. Sikujikinga. Kisha akaketi kitandani, akaushika ule mkono wa dada yake ambao haukuvunjika.

Halafu akainuka, akachukua koti lake, akaenda kituoni kuyafuta maneno yake.