Mvua, Tofali na Mke Mwenzangu

Hapana, mvua sikuifunga mimi. Nasema mapema kabla hujaniuliza, maana najua utauliza. Kila anayefika hapa akikiona kile chumba cha tofali pembeni ya tembe langu anakitazama, halafu ananitazama mimi, halafu anameza mate. Mvua ilikuja yenyewe, siku iliyotaka, ikanyesha mpaka vyura wakachoka kuimba. Na mimi kwa magoti haya, hata mlango wa zizi la mbuzi nafunguliwa na watu. Mbingu ningezifunga na nini?

Tupo wawili hapa, mimi na mke mwenzangu. Mume wetu alitangulia zamani, akatuachia tembe moja refu, mbuzi kadhaa, na ugomvi wetu ambao alishindwa kuumaliza. Mwenzangu upande wa mashariki, mimi upande wa magharibi, ukuta katikati. Tuliishi vizuri sana na ule ukuta. Salamu asubuhi, chumvi tunaazimana, matusi kidogo jioni, basi.

Kifuku cha mwaka juzi, msimu wetu wa mvua, ndicho kilichotuharibia. Mvua za siku hizi hazina adabu. Zamani zilikuja kama mgeni mwenye heshima, anabisha hodi, anakaa, anakula, anaaga. Ile ilikuja siku tatu mfululizo kama mtu anayedai mahari, halafu ikaondoka mwezi mzima. Paa letu la udongo likanywa maji likashiba, na upande wa mashariki ukalala chini kama ng'ombe mchovu. Mwenzangu hakuumia. Alitoka na godoro kichwani, sufuria mkononi, akaingia kwangu bila hodi. "Dada," akasema, "nipishe hapo ukutani."

Ndiyo hivyo. Mwanamke niliyegombana naye miaka yote kuhusu mume mmoja, sasa tunalala kitanda kimoja na mume mwenyewe hayupo.

Na anakoroma. Kwanza anavuta pumzi kama mtu anayeburuta gogo kwenye changarawe. Halafu kimya. Unasikiliza. Unaanza kumhurumia, unajiuliza kanga ipi utavaa msibani. Halafu pffuuuu! Na asubuhi ananiambia mimi, akiwa na uso mkavu kabisa, "Dada, jana umekoroma mpaka mbuzi wameamka." Mimi! Tuliubishania ukoromaji ule mwaka mzima, shahidi hakuna.

Kwa hiyo mkwe wangu alipojitolea kutufyatulia tofali ili tumjengee mwenzangu chumba, nilimbariki mpaka kizazi cha nne. Akafyatua mwezi wa tisa na wa kumi, akazianika kiwanjani kwetu, safu kwa safu. Kwa kuni za kuchomea tukakata mti uliokuwa karibu na korongo. Hapo sitanii. Ule mti niliukuta nilipoletwa hapa kuolewa, nikanyonyeshea watoto wote kivulini mwake. Nilisimama mbali shoka lilipoanza. Nikajiambia, mti haukoromi, mwenzangu anakoroma. Ukaanguka.

Tofali mbichi na mvua ni maadui, hilo hata mtoto anajua. Zikinyeshewa kabla ya tanuri zinarudi kuwa tope. Basi ukafika mwezi wa kumi na mbili, mvua hakuna, watu wanalia, uwele uliopandwa kavu unaliwa na mchwa, na mimi moyoni nasema, kidogo tu, wiki mbili tu. Jumapili kanisani tukaambiwa tupige magoti tuombe mvua. Kanisa zima linalia, "Bwana, tunyeshee!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikanong'ona, "Tunyeshee, Bwana, ila subiri kwanza tanuri letu liungue." Nikasikia pembeni yangu mtu anasema kwa sauti nzito, "Amina!" Nikafumbua jicho moja. Mke mwenzangu.

Wiki hiyohiyo tukaitwa mkutano. Alikuja binti mtaalamu kutoka mjini, anakaa Ipagala, suruali imembana, viatu vyeupe ambavyo nilivionea huruma toka aliposhuka kwenye bodaboda. Mkutano ulikuwa darasani, shule imefungwa, wazee tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Mimi shule sikusoma, kwa hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza darasani, na nakuambia sikukosa kitu. Bati juu lilikuwa linalialia kwa joto, na ilikuwa saa nne tu ya asubuhi.

"Shikamooni wazee wangu," akasema binti. Sauti tamu, anaimba kidogo mwishoni. "Leo tutashea mawazo kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kwamba, yaani, dunia inapata joto, na chanzo kikubwa ni shughuli za binadamu."

Hajamaliza, shemeji yangu amesimama. Huyu ni mdogo wake marehemu, dereva mstaafu wa lori, na lori lenyewe halijamtoka: akitaka kusema anaanza kwa kuunguruma kifuani kama anapandisha mlima. "Mmmmh, binti. Binti yangu. Mimi nimepeleka mizigo Mpwapwa kabla mama yako hajaota meno. Injini ilikuwa inachemka hivihivi! Jua hilihili! Babu zetu walikufa njaa mpaka kila njaa wakaipa jina lake. Nani wakati huo alikuwa na kiwanda? Nani alikuwa na lori? Hizo ni habari za wazungu, wanataka tusipike. Hata kwenye simu ipo, kuna profesa mmoja, ana tai kabisa, anasema ni biashara yao."

"Shemeji," nikamwambia, "simu yako inaumwa. Juzi ilikwambia ndimu inarudisha meno, mbona bado unatafuna nyama kwa fizi?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Binti akajikaza, akamjibu kwa heshima. "Babu, ni kweli, ukame ulikuwepo. Lakini ulikuwa unakuja, unapumzika. Sasa haupumziki. Joto linapimwa dunia nzima, mwaka kwa mwaka, siyo Dodoma peke yake. Moshi wetu unapanda juu unakaa kama blanketi, joto linashindwa kutoka. Nyie wazee wenyewe mmeona nini?"

Hapo nikajitia kimbelembele. "Mimi nimeona mlenda," nikasema. "Zamani majani ya mlenda nayaanika siku tatu ndipo yakauke nipate kutwanga. Sasa hivi naanika ungo wa kwanza, nikigeuka kuchukua wa pili, wa kwanza umekauka unaniita. Na lile korongo letu lilikuwa na maji mpaka mwezi wa saba. Sasa mwezi wa tano mbuzi wanalamba mchanga. Binti anasema kweli. Mwili wangu hauna simu, lakini unajua."

Binti akafurahi, akanipigia makofi. "Umeona, babu? Bibi anaelewa! Sasa, hapa kwetu shughuli zenyewe ni zipi? Kukata miti ovyo. Kuchoma mkaa. Kuchoma matofali..."

Ee mama yangu. Shingo za darasa zima ziligeuka kwangu kama kuku waliosikia punje zinamwagika.

Mwenyekiti wetu akainuka. Huyu ana sauti nyembamba kama mbu, na kila jambo analisema mara mbili, labda ya kwanza haisikii. "Kwa hiyo, kwa hiyo, binti, unasema ni binadamu? Ni binadamu?"

"Ndiyo, mzee."

"Hapo tumeelewana. Tumeelewana. Sisi siku zote tunasema, mvua haikai juu bila mtu kuishika. Wasomi walikuwa wanatucheka. Leo msomi mwenyewe amekuja kusema. Haya, mtaje."

"Nimtaje nani?"

"Huyo binadamu."

Binti akatoa macho. Maskini, alikuja na makaratasi ya kuwashawishi watu wanaobisha, akakuta watu wamekubali kuliko yeye. Kwetu mvua ikichelewa anatafutwa aliyeifunga, anatozwa beberu mweusi, na kitu alichoifungia kinamwagiwa maji mbele za watu. Na mtu anayechoma tofali ndiye wa kwanza kutazamwa, kwa sababu kila mtu anajua hataki mvua. Mimi pale nilikuwa bado nacheka, lakini nimeanza kuutafuta mlango kwa macho. Bibi kizee akishatajwa pamoja na mvua kwa pumzi moja, siyo mchezo. Kuna mahali wenzangu walitajwa hivyo wakahama usiku. Na tofali zangu zilikuwa pale kiwanjani, zimekauka vizuri, zinangoja Jumatano kupangwa tanuri.

"Mzee, siyo mtu mmoja," binti anasema, sasa haimbi tena. "Ni binadamu kwa ujumla."

"Kwa ujumla hatuwezi kumtoza beberu. Hatuwezi."

"Na moshi mwingi unatoka nchi za mbali! Viwanda vikubwa, magari! Tanuri la bibi ni kama punje moja kwenye ghala!"

"Hao wa mbali, hao wa mbali, wamehudhuria mkutano?"

"Hapana."

"Basi tuanze na aliyehudhuria."

Nikatazama huku na huku kutafuta mtetezi, nikamwona nani? Shemeji. Mbishi wangu. Mtu pekee darasani aliyekuwa anaamini kwamba binadamu hawezi kulifanya jua lolote.

"Msikilizeni shemeji!" nikapaza sauti. "Amezunguka nchi, huyo! Shemeji, waambie tena yule profesa wa tai!"

Akaniangalia, akaunguruma taratibu. "Mmmmh. Shemeji, si umesema simu yangu inaumwa?"

"Imepona!"

Watu wakacheka mpaka dawati moja likavunjika, na mzee aliyelikalia hakuinuliwa haraka, kila mtu anafuta machozi. Nakwambia ukweli, nilijiona. Dakika moja nilikuwa najua dunia inachemka na ni sisi tunaoichemsha, na ule mti wa korongoni nilikuwa nauona bado unaanguka. Dakika ya pili nilikuwa tayari kuapa kwamba joto ni porojo, ilimradi tofali zangu zibaki kavu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anabisha sana kwamba joto hakuna, simuulizi amesoma nini. Namuuliza ana tofali ngapi zimeanikwa. Na mimi najua ninachosema, maana kile chumba leo kina bati, na mwezi wa kumi kinachoma kama kikaango. Wiki nzima mwenzangu anabeba godoro lake anarudi kwangu chini ya paa la udongo, kwenye ubaridi. "Dada, nipishe hapo ukutani."

Lakini narudi darasani. Shemeji alinitetea, lazima nimpe haki yake. Akasema jua ni la Mungu, mvua ni ya Mungu, na mwanamke asiyeweza kufungua mfuniko wa mafuta ya taa hawezi kufunga wingu. Nusu wakampigia makofi. Binti akasema hapana, babu, binadamu anachangia, ila siyo bibi. Nusu nyingine ikapiga makofi na kunitazama zaidi. Kadiri binti alivyosema kweli, ndivyo alivyonichimbia shimo. Alipoliona hilo macho yakamjaa maji, akaniambia pembeni, "Bibi, nisamehe." Nikamwambia, "Mjukuu wangu, wewe sema tu kweli, ila ungeishia kwenye mkaa, mwenyekiti anachoma mkaa."

Mwenyekiti akagonga dawati. "Imetosha, imetosha. Kila nyumba italeta ndoo moja. Tutakwenda kumwagia zile tofali sasa hivi, sasa hivi. Beberu atafuata."

"Ndoo?" nikasema. "Kisima kinatoa tope, wanawake wanapanga foleni toka alfajiri, nyie mna maji ya kunywesha tofali?"

"Kwa ajili ya mvua yatapatikana. Yatapatikana."

Na kweli, watu wakaanza kuinuka. Sikuwahi kuona kijiji kikikubaliana haraka hivyo. Ndipo nikasikia dawati la nyuma linalia, na mke mwenzangu akasimama.

Moyo ukanidondokea kwenye kandambili. Huyu alikuwepo kanisani. Huyu ndiye aliyeitikia Amina. Akisema neno moja tu kuhusu ile sala, mimi nimekwisha, na ana miaka mingi ya sababu. Kile kitenge cha harusi nilichomkatalia. Yule mbuzi mwenye madoa tuliyemgombania. Akakaza kanga kiunoni polepole, kama mtu anayekwenda kutwanga. Akanitazama, akamtazama mwenyekiti.

"Mwagieni," akasema. "Ila chumba hicho ni changu, na leo mimi na dada tunahamia kwako, mwenyekiti, kitanda kimoja na mkeo, na huyu anakoroma."